Kabla hujailipia makala yako, itafute ISSN ya jarida

Barua pepe ile iliniita "Profesa mashuhuri". Mimi wakati huo nilikuwa mhadhiri msaidizi, nina shahada ya uzamili na daftari la vipimo vya mwani nilivyovichukua Jambiani, pwani ya Unguja, kwa bamvua saba mfululizo, yaani zile siku, kila baada ya wiki mbili hivi, maji yanapojaa na kukupwa sana. Waliniandikia kwamba jarida lao ni la kimataifa, limo kwenye Scopus, ile orodha ya kimataifa ya majarida yaliyochujwa, na jibu hutoka ndani ya siku tano. Nikatuma. Siku ya nne makala ikakubaliwa bila ya mtu kuniuliza hata swali moja. Nikalipa dola 300, nusu yake za kukopa.

Nilipopeleka maombi ya kupandishwa daraja, mjumbe mmoja wa kamati aliandika ISSN ya jarida lile, yaani namba yake ya utambulisho, kwenye kompyuta, akanigeuzia skrini. Kweli liliwahi kuwemo Scopus, lakini lilikuwa limeshaondolewa miaka miwili kabla sijatuma. Nikawaomba waiondoe makala yangu. Wakataka dola 200 nyengine. Na makala ikishatoka pahala pamoja huruhusiwi kuipeleka kwengine. Vipimo vya bamvua saba vikaenda na maji. Niliporudi Jambiani kupima upya, bibi mwenye shamba aliniuliza, "Mwanangu, si ulishapima haya?"

Kwa hiyo vijana wanaonijia sasa nawaambia: chagua jarida kwanza, makala uandike baadaye. Nembo ya Scopus kwenye tovuti ya jarida si ushahidi, kila mtu anaweza kuibandika. Ingia mwenyewe kwenye orodha ya majarida ya Scopus, ambayo ni bure kwa kila mtu, uandike ISSN, ile namba ya tarakimu nane. Usitafute kwa jina peke yake, maana majina huibwa: wapo wanaofungua tovuti ya bandia kwa jina la jarida halali. Kisha tazama miaka iliyoandikwa pale. Ikiwa imeishia nyuma, jarida halimo tena. Kwa Web of Science, orodha nyengine ya aina hiyo, fanya hivyo hivyo kwenye orodha ya Clarivate, kampuni inayoiendesha. AJOL (African Journals Online) ni hazina kubwa ya mtandaoni ya majarida ya Afrika na naipenda, lakini jarida kuwemo AJOL hakuna maana kwamba limo Scopus.

Na usidharau cha karibu. Jarida la sayansi za bahari la WIOMSA, yaani Western Indian Ocean Journal of Marine Science, linatolewa na jumuiya yenye makao yake hapa hapa Unguja, na limo kwenye Scopus.

Kuhusu ada: majarida mengi mazuri yanayosomwa kwa kulipia hayamtozi mwandishi chochote. Mengi ya yale ya wazi, yanayosomwa bure, hutoza, lakini wachapishaji wengi hupunguza au husamehe kwa watafiti wa nchi kama yetu. Tangu Benki ya Dunia ilipoipandisha Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini mwaka 2020, baadhi yao hawasamehi ada yote. Uliza kabla ya kutuma. Makala ikishakubaliwa, mara nyingi mlango huo umeshafungwa.

Kazi khasa iko kwa wapitiaji, wale wataalamu wanaopewa na jarida makala yako waihakiki. Makala yangu ya pili ilirudi na kurasa mbili za maswali, na siku ya kwanza niliifunga kompyuta kwa hasira. Siku ya tatu nikanakili kila swali kwenye faili jipya, chini yake jibu langu, kisha ukurasa na mstari niliporekebisha. Hata pale nilipokataa ushauri, nilieleza sababu kwa adabu. Swali moja lilikuwa: kwa nini umepima kila baada ya siku 14 au 15, na si kila wiki? Kwangu hilo halikuwa swali. Maji mafu, yanayokupwa kidogo tu, hayalifichui shamba; wanawake wa mwani huingia kazini bamvua, maji yanapokupwa mbali, na ndipo nami nilipoweza kufika kwenye kamba za mwani na kupima. Mtoto yeyote wa Jambiani analijua hilo, na ndiyo maana sikuliandika. Mpitiaji hakuwa mtoto wa Jambiani. Niliongeza sentensi tatu kwenye sehemu ya mbinu na swali likaisha. Tangu hapo, kabla sijatuma, humpa makala mwenzangu wa fani nyengine anioneshe kila nilichokiacha kwa kudhani kinajulikana.

Ile ya pili ilichukua miezi tisa tangu kutuma hadi kukubaliwa, na kabla yake jarida jengine lilikuwa limeshaikataa. Kama maombi yako ya daraja ni ya mwakani, itume mwezi huu.