Donegal kwa mtu wa pwani: angalia paspoti kwanza, halafu angalia maji

Kila ikifika mwezi wa sita napigiwa simu na watu wangu wa Dublin, swali lile lile, tupe sehemu ya kwenda siku tatu nne hivi tusirudi tunalia hela. Jibu langu halijabadilika, nendeni Donegal. Ipo juu kabisa kaskazini magharibi ya Ayalandi, bahari mbele, milima nyuma, upepo unakuvua mtandio mchana kweupe.

Ila kabla ya mandhari tuongee paspoti, maana hapa ndo wengi wetu tunaumia. Donegal ni Jamhuri ya Ayalandi lakini mpaka wake wa nchi kavu karibu wote ni na Ayalandi ya Kaskazini, ambayo ni Uingereza, kwa upande wa Jamhuri imeshikana na kaunti moja tu ya Leitrim tena kwa kipande kidogo. Sasa basi la moja kwa moja la Dublin kwenda Letterkenny, mji mkubwa wa Donegal, linapita Omagh na Strabane, na lile la Donegal mjini linapita Enniskillen, kote huko ni Uingereza. Geti hakuna, askari humuoni, utajua umevuka pale vibao vya spidi vinapoacha kilomita na kuanza maili. Ukiwa na paspoti ya Tanzania au Kenya, hata kama una kibali chako halali cha kuishi Ayalandi, huko unatakiwa uwe na viza ya Uingereza, na ukaguzi wa kushtukiza kwenye mabasi upo. Mimi mara ya kwanza nilishakata tiketi, nimefurahi zangu, dada mmoja Mkenya tunayefanya naye shifti akaniuliza viza ya UK unayo? Nikamwambia mimi naenda Donegal siendi UK. Akacheka mpaka akakaa chini. Tiketi ikanifia mkononi.

Njia ya amani ni hii, treni ya kituo cha Connolly, Dublin, mpaka Sligo, masaa matatu na kitu, halafu basi namba 64 linalopita Bundoran na Ballyshannon mpaka Donegal mjini, saa moja hivi, huvuki popote. Lakini basi hilo hilo mwisho wake ni Derry, ambayo ni Uingereza tena, kwa hiyo ukisinzia usipitilize Letterkenny. Na mtu akikuambia "kwa kuwa mmefika huku malizieni na Giant's Causeway", hiyo ipo Antrim, ng'ambo, habari ndo ile ile.

Ndani ya Donegal treni hakuna kabisa. Kuna mabasi madogo ya Local Link, wazuri na wapole, tatizo lao ni machache, ukilikosa la saa nne asubuhi unaweza kukaa hapo mpaka umpe kila kondoo jina. Mkiwa wanne na mmoja ana leseni kodini gari, wanaendesha kushoto kama kwetu, ila barabara ni nyembamba mno, mkikutana na trekta mmoja lazima arudi nyuma na huyo mmoja ni wewe.

Sasa Sliabh Liag, majabali marefu ya kando ya bahari, hutamkwa kama shliv lig. Watu wote wanakimbilia Cliffs of Moher kule Clare, ambayo ni mita 214, hii ya Donegal inakaribia mita 600 na fujo ya mabasi ya watalii ni ndogo. Unaacha gari chini halafu unapanda kwa miguu mpaka pale Bunglass penye kutazamia majabali, au wakati wa joto kuna basi dogo kutoka kituo chao cha wageni Teelin. Siku tuliyofika sisi hatukuona kitu, ukungu mweupe kama maziwa, nikaanza kulaumu nauli yangu. Mama mwenye nyumba tuliyolala akatuambia msikae mnanuna, kaleni, rudini jioni. Tukarudi saa mbili usiku, mwanga bado kama alasiri, pazia limefunguka, nikakaa kwenye jiwe nikashindwa kuongea. Mwezi wa sita huko jua linazama saa nne usiku, Magharibi unaiswali muda ambao Unguja watu washalala, kwa hiyo mpango wa siku uwe mlaini, ukungu ukija nenda kwingine kisha urudi.

Kutoka hapo sio mbali na Malinbeg, kuna ufukwe chini kabisa umekumbatiwa na majabali pande zote, ngazi zaidi ya 160, kushuka raha, kupanda ndo utajijua. Mchanga msafi na watu wachache. Maji lakini! Hata mwezi wa nane ni kama nyuzi 15, mimi mtoto wa Jambiani niliingia mpaka magotini nikatoka mbio, watoto wa Kiayalandi wananiangalia wamezama mpaka shingoni.

Sehemu ninayotaka mnisikilize vizuri ni Maghera, karibu na Ardara, pale pembeni ya barabara kuna maporomoko ya Assaranca halafu mbele mchanga mkubwa na mapango. Mapango yanaingilika maji yakipwa tu. Mimi nikajiona mtu wa pwani nani wa kunifundisha kupwa na kujaa, nikaingia na simu yangu kupiga picha. Mzee mmoja na mbwa wake akatupigia kelele kutoka mbali, tukadhani anatukataza picha. Kumbe maji yameshageuka, na huku yanajaa kwa kasi sijawahi kuona, tulitoka viatu vimelowa chapachapa. Nilijua bamvua na maji mafu ya kwetu, ya kwao sikuyajua. Angalia ratiba ya maji kwenye simu kabla hujatoka, na usiogelee pale, mkondo wake unavuta. Ufukwe wa Murder Hole kule juu nao ni hivyo hivyo, mzuri wa kutazama, kuogelea usithubutu.

Kula, nendeni Killybegs, bandari kubwa kuliko zote za uvuvi Ayalandi, meli zimejipanga mpaka unajiuliza samaki wamebaki wangapi. Vibua ndo hapa kwao. Samaki na chipsi kwa sisi Waislamu ni rahisi, ila uliza mafuta, baadhi ya maduka wanakaangia mafuta ya ng'ombe.

Glenveagh sitasema sana, ni hifadhi ya taifa, ziwa, kasri, bustani, picha zako zitapendeza. Ila ujue mwenye kujenga kasri lile, John George Adair, mwaka 1861 alifukuza watu 244 kwenye nyumba zao. Nilivyosoma hayo kasri likanishuka. Pia kuna visubi jioni, wanauma vibaya. Malin Head ni ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa kizima, nendeni kama mna siku ya ziada, ila simu isije ikawapitisha Derry mkiwa mnarudi kwa njia ya Muff.

Kingine, sehemu kubwa ya magharibi ni Gaeltacht, wanaongea Kiayalandi na vibao vya barabarani ni Kiayalandi kitupu. Salamu yao ni "Dia duit", Mungu awe nawe, na anayejibu anaongeza, "Dia is Muire duit", Mungu na Mariamu. Sisi tuliolelewa kwamba salamu ukipewa uirudishe na nyongeza tutaelewana nao haraka sana.

Huyo mama mwenye nyumba asubuhi moja akatuwekea kitu cheupe kinatikisika, nikauliza ni nini, akasema carraigín, mwani wa hapo majabalini, unachemshwa na maziwa. Mwani! Ndo jina hilo hilo lililozaa karajini, ule unga unaotolewa kwenye mwani wanaolima kina mama Paje na Jambiani, ukatiwa kwenye dawa za meno na aiskrimu huko duniani. Nikanunua pakiti nikampelekea shangazi yangu, ambaye amelima mwani tangu mimi sijaanza shule. Akanitumia voisi noti, kwanza kimya kirefu, halafu: "Yaani wao wanakula?"