Meneja mpya wa supamaketi, anza na mlango wa nyuma

Siku ya kwanza kwenye tawi utakabidhiwa vitu tele: funguo za ofisi, daftari la mapokezi ya bidhaa, orodha ya wafanyakazi, na lawama za meneja aliyekutangulia. Viache mezani. Nenda hadi mlango wa dharura kule nyuma ujaribu kuufungua kwa mkono wako. Mimi sikufanya hivyo. Kwa miezi minne niliupita kila asubuhi nikielekea stoo, nikaona kibao cha kijani juu yake, nikaridhika.

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili na nusu jioni, foleni zilikuwa zimefika kwenye rafu za sukari. Tawi letu lilikuwa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, na mishahara ilikuwa imeingia. Harufu ya plastiki inayoungua ikatoka stoo. Ekstensheni moja iliyokuwa ikibeba friji mbili ilikuwa imeshika moto, na moshi ukaanza kutambaa darini. Nikapaza sauti, watu watoke.

Keshia wa tili ya nne hakuinuka. Alikuwa anahesabu noti. Nilipomfikia akaniuliza, "Madam, na hii pesa?" Mlinzi wa mlangoni alikuwa ameunyoosha mkono wake, bado anadai risiti. "Madam, wakitoka na vitu?" Wateja nao walisongamana kwenye kaunta ya mizigo, kila mmoja ameinua kibati chake cha namba akitaka begi lake, na kaunta yenyewe iko hatua mbili tu kutoka mlangoni. Nikakimbilia nyuma. Katoni za mafuta ya kupikia zilipangwa hadi kifuani, na mlango ulikuwa na kufuli. Ufunguo uko kwa kijana wa mapokezi. Kijana ameenda kula.

Bahati yetu moto ulikuwa mdogo. Mtungi mmoja wa poda uliumaliza na hakuna aliyeumia. Lakini usiku ule sikulala, maana kila mtu alikuwa amefanya nilichomzoesha. Yule keshia nilikuwa nimemkata shoti, yaani pesa iliyopungua kwenye tili yake, ya shilingi 800 wiki mbili kabla. Mlinzi alikuwa na barua ya onyo kwenye faili kwa sababu ya chupa za shampuu zilizopita mbele yake. Katoni za mafuta niliagiza mimi ziwekwe pale, stoo ilipojaa. Nilikuwa nimewafundisha kuogopa hasara, nao wakaiogopa hata moshi ulipoingia.

Wiki iliyofuata niliandika karatasi moja: ikilia kengele, shoti ya siku hiyo ni ya tawi, haikatwi kwa keshia, mlinzi hataulizwa kitu chochote kilichotoka mlangoni. Nikamwomba meneja wa kanda aitie sahihi, kwa sababu neno langu peke yake wasingeliamini, na sikuwalaumu. Alisitasita. Nikamkumbusha moto wa supamaketi katikati ya jiji, Januari 2009, ulioua zaidi ya watu 25. Waliosalimika walisimulia kwamba milango ilifungwa ili watu wasiibe. Akatia sahihi. Karatasi hiyo niliibandika ndani ya kila tili, mahali ambapo keshia anaiona kila anapovuta droo.

Mlango wa nyuma ulituchukua muda zaidi. Mwenye jengo hakutaka kusikia habari za kuondoa kufuli, na hoja yake ilikuwa ya maana: mali ilikuwa kweli inapotelea huko. Tukafunga komeo la kusukuma kwa ndani, lenye king'ora kinacholia mlango ukifunguka. Mwizi hapendi kelele, na anayekimbia moto hajali kelele. Kisha nikapaka rangi ya njano sakafuni, mita mbili mbele ya mlango, na kutangaza kwamba katoni yoyote nitakayoikuta juu ya njano itabebwa hadi ofisini kwangu na aliyeiweka. Ofisi yangu ilikuwa ghorofa ya kwanza. Baada ya katoni tatu za unga hapakuwa na tatizo tena.

Kuhusu mizigo, usidhani mteja ataacha begi lenye kitambulisho na simu kwa sababu umemwambia aache. Tulihamisha kaunta ile hadi ubavuni, mbali na njia ya kutokea, na mhudumu wake akapewa kazi moja: kengele ikilia, anateremsha pazia la kaunta, anatoka mbele yake na kusema kwa sauti, "Mabegi yako salama, mtapewa nje, piteni." Nani asiyejua kwamba mtu akiona pazia limeshuka hasubiri tena? Kumbuka pia kwamba mteja hutafuta mlango alioingilia, hata ule wa nyuma ukiwa karibu zaidi. Hasomi vibao. Anamfuata mtu mwenye sare, kwa hiyo simamisha mtu mwenye sare pale unapotaka waelekee.

Kanuni za Kenya za Kupunguza Hatari za Moto za 2007 zinataka zoezi la moto angalau mara moja kwa mwaka, pamoja na kikosi cha wafanyakazi waliofunzwa kuzima moto. Mara moja haitoshi kwa tawi ambalo nusu ya vijana wake hubadilika kabla mwaka haujaisha. Sisi tulifanya kila baada ya miezi mitatu, asubuhi kabla ya kufungua. La kwanza lilikuwa kichekesho: watu walitoka wakicheka, mmoja anarekodi video. Waache wacheke. La pili hawakucheka sana.

Mtungi wa poda wa kilo tisa haudumu hata nusu dakika. Elekeza kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake, na mgongo wako uwe upande wa mlango. Mtungi mmoja ukiisha na moto bado upo, toka. Umeme usiumwagie maji. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini, kwa hiyo ukiinusa usiwashe taa wala usiizime. Fungua milango na uwaondoe watu. Mitungi ya gesi ya kuuza ikae nje, kwenye kizimba chenye matundu, hata mvua ikinyesha.

Ukisikia mlipuko au risasi barabarani, wakataze vijana kukimbilia vioo. Agosti 7, 1998, wengi mjini walisogea madirishani waliposikia kishindo cha kwanza kule ubalozi wa Marekani, na bomu lenyewe likawakuta hapo hapo. Wapo waliopoteza macho kwa vioo. Siku za maandamano, teremsha shata mapema kabla umati haujafika, lakini mlango mdogo uwe na mtu ndani anayeweza kuufungua bila kutafuta funguo. Wanaokaa mbali, Rongai na Githurai, waruhusu waondoke mchana. Matatu zikipotea barabarani hawatafika nyumbani. Na majambazi wakiingia, wape pesa. Hilo halihitaji maelezo.

Andika 999 na 112 ukutani, na 1199 ya Msalaba Mwekundu, pamoja na namba ya kituo cha zimamoto kilicho karibu nawe, kisha ipige siku ya kawaida uone kama inapokelewa. Kituo kikuu kiko Tom Mboya Street, na unajua mwenyewe Jogoo Road ilivyo saa kumi na mbili jioni. Panga dakika kumi na tano za kwanza kana kwamba hakuna anayekuja.

Mkishatoka, hesabu watu. Katika zoezi letu la pili tulikuwa pungufu ya mmoja, kijana wa kampuni ya sabuni anayepanga bidhaa zake kwenye rafu zetu, ambaye hata hayumo kwenye orodha yetu ya mishahara. Tulimtafuta dakika kumi, mlinzi akarudi ndani mara mbili. Kijana alikuwa kibandani ng'ambo ya barabara, anakunywa chai na chapati. Siku hizi kila anayeingia kazini, awe wetu au wa kampuni, husaini daftari moja linalokaa mlangoni, na anapotoka hata kwa chai husaini tena. Kengele ikilia, mlinzi hulibeba kwapani.