Maswali yenu: Nabothi, Mwanga na kanzu ya Yusuf

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo lile lile: fulani alikuwa mwema au mbaya? Fulani wa Biblia, fulani wa Kurani, fulani wa Lubiri, yaani kasri la wafalme wa Buganda. Nitajibu, ila mjue mimi kabla ya kumhukumu mtu hutazama kwanza nani alishika kalamu na muhuri ulikuwa mfukoni mwa nani.

Nabothi angekubali tu kulipwa, si yangeisha? (Mwalimu, Arua)

Mwalimu, hivyo ndivyo wanavyosema madalali wa viwanja. Kweli, mfalme Ahabu, aliyelitaka shamba la mizabibu la Nabothi, alimwahidi shamba bora zaidi, au fedha. Nabothi akajibu kwamba ule ni urithi wa baba zake, na Walawi 25 inamuunga mkono: ardhi isiuzwe moja kwa moja. Hakumtukana mfalme. Alikataa, basi. Mfalme akaenda kujilaza, akageuza uso na kususia chakula, mtu mzima mwenye jeshi.

Sasa soma polepole barua za Yezebeli, mke wa Ahabu, 1 Wafalme 21. Hakutuma majambazi usiku. Aliandika kwa jina la mfalme, akapiga muhuri wa mfalme, akawapelekea wazee wa mji. Aliagiza watu wafunge, maana yake shughuli ianze kwa ibada. Aliagiza mashahidi wawili, kwa kuwa Torati inataka mashahidi wawili au watatu, na mama yule hakutaka kesi yake iwe na kasoro. Shtaka likawa kumtukana Mungu na mfalme. Kwa hiyo siku Nabothi anapigwa mawe, mtaa mzima unaamini unamuua kafiri na msaliti. Jina lilikufa kwanza, mwenyewe akafuata, shamba likabaki halina wa kulitetea. Ukifika 2 Wafalme 9:26 utagundua kwamba wanawe nao waliuawa. Hakuachwa hata mrithi mmoja wa kudai.

Wahubiri wetu humsema Yezebeli mpaka wanja wa macho yake. Sijasikia bado mahubiri kuhusu wale wazee, majirani wa marehemu, waliosoma barua, wakajua ni uongo, wakatii.

Hamkuniuliza, lakini nasema: muhuri wa mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa, haugeuzi karatasi kuwa hati ya ardhi. Kabla ya kununua, nenda ofisi ya ardhi ukahakikishe, kisha ulizia majirani nani anaishi pale na kwa haki gani, maana mwenye kibanja, yaani mpangaji mwenye haki ya kukaa kwenye ardhi ya mwingine, hahamishwi kwa kuwa wewe umelipa. Na ukiitwa kuweka sahihi kwenye karatasi usiyoisoma, kataa. Usikubali kuwa shahidi wa pili.

Maria Magdalena alikuwa kahaba? (Wengi mno)

Hapana. Nimeshajibu hili, na mnaendelea kuuliza bila kufungua kitabu. Luka 7 ina mwanamke mwenye dhambi asiyetajwa jina. Luka 8 inamtaja Magdalena, aliyetokwa na pepo saba. Papa Gregori wa Kwanza aliwafanya kuwa mtu mmoja katika mahubiri ya mwaka 591. Alikuwa Papa, kwa hiyo ikawa hivyo.

Kama kanzu ilichanika kwa nyuma, kwa nini Yusuf alifungwa? (Dada wa Kisenyi, Kampala)

Alifungwa kwa sababu kanzu ilichanika kwa nyuma, dalili kwamba yeye alikimbia na mke wa mkubwa ndiye aliyemvuta. Ingechanika mbele, angehukumiwa kama mkosaji na habari ikaisha. Soma aya ya 35 ya sura yake katika Kurani: walipokwisha kuona dalili zote, ndipo wakaona wamfunge kwa muda. Hakimu hakukosea, dada. Nyumba ya mkubwa ilikuwa imeaibika, wanawake wa mji wanasema, na mtu asiye na hatia akitembea mjini anawakumbusha watu kila siku.

Kinachonivutia zaidi ni aya ya 50. Mfalme anamwita atoke, naye Yusuf anamrudisha mjumbe: nenda ukamuulize bwana wako habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Hatoki gerezani mpaka jina litoke kwanza. Katika Biblia, Mwanzo 41, hakuna hilo. Pale anaharakishwa, ananyolewa, anabadilishwa nguo, anapelekwa kwa Farao. Wenye ndugu rumande wapaangalie hapo penye tofauti. Mtu akiambiwa kiri tu uende nyumbani, nyumbani atafika, lakini faili litabaki na kosa ambalo hakulitenda, na litamngoja siku ya kutafuta kazi.

Na tafadhali, jina Zulekha, analopewa mke huyo wa mkubwa, halimo katika Kurani wala katika Biblia. Ni la wasimulizi na washairi.

Nataka kutumia maneno ya Shakespeare kuhusu thamani ya jina jema kwenye hotuba ya harusi. (Bwana wa Jinja)

Yanasemwa na Iago, mwongo mkubwa kuliko wote katika tamthilia ya Othello, wakati anamtia Othello sumu dhidi ya mkewe. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amemwambia Cassio kwamba sifa ni kitu cha bure kisicho na maana. Kwa harusi, tumia Mithali 22:1 uketi.

Kila Juni 3, siku ya Mashahidi wa Uganda, tunaambiwa Mwanga alikuwa shetani. Na Waislamu waliochomwa Namugongo mbona hawatajwi? (Mzee wa Bombo)

Mzee wangu, umeuliza mawili na yanafungamana.

Mwanga alitawala Buganda tangu 1884 akiwa kijana. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliuawa Busoga kwa amri yake. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkristo wa Lubiri, alimkemea kwa hilo naye akauawa Novemba mwaka huo huo, na Juni 3, 1886 Karoli Lwanga na wenzake, vijana Wakristo wa Lubiri, wakachomwa Namugongo. Hayo hayafutiki, na wanaojaribu kumsafisha Mwanga siku hizi kwa kumwita mpigania uhuru wawakumbuke wale vijana kwanza.

Lakini baba yake, Muteesa, aliwachoma vijana wa Kiislamu hapo hapo Namugongo yapata 1876. Walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa Lubiri, na walikataa kusali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa, ambaye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameamuru watu wafunge Ramadhani. Muteesa leo anasifiwa kwa hekima na ukarimu. Kwa nini? Mwaka 1875 Stanley alipeleka barua Uingereza ya kuomba wamisionari kwa niaba yake, ikachapishwa gazetini, na jina lake likapaa. Tena alikufa akiwa kitini, hakuna aliyehitaji sababu ya kumwondoa.

Mwanga aliinuka dhidi ya Waingereza mwaka 1897. Akavuliwa ufalme, akawekwa mwanawe Daudi Chwa, mtoto mchanga. Mwaka 1899 alikamatwa pamoja na Kabalega wa Bunyoro, wakapelekwa Ushelisheli, na huko akabatizwa Danieli. Alikufa 1903. Waliobaki Mengo, makao ya ufalme, waliweka sahihi Mkataba wa 1900 na Waingereza kwa niaba ya mtoto, na maili za mraba 8,000 zikaenda kwa machifu na watu binafsi kama elfu moja. Mkulima aliyekuwa analima pale akaamka mpangaji. Mkubwa wa waweka sahihi alikuwa Apolo Kagwa, katikkiro, yaani waziri mkuu, na Kagwa huyo huyo ndiye aliyeandika kitabu cha historia ya wafalme wa Buganda. Ni kitabu cha thamani, ninacho, nakisoma. Nakisoma nikijua mwandishi alipata nini baada ya mfalme kuondoka.

Kwa hiyo Waislamu wa 1876 hawatajwi sana kwa sababu hawakuacha nyuma yao katikkiro mwenye kalamu, wala kanisa la kuwatangaza Roma kama lilivyowatangaza wale Wakatoliki 22 kuwa watakatifu mwaka 1964. Wazee wa Bombo na Kibuli waandike wanayoyajua. Kulalamika kila Juni hakutoshi.

Kwa nini unaandika lugha ya askari na wezi? (Msomaji, Masaka)

Wamisionari wa mwanzo walifundisha dini Buganda kwa Kiswahili. Gavana Gowers alipotaka kukisukuma shuleni mwaka 1927, Daudi Chwa na maaskofu walikipinga. Baadaye wanajeshi walitunyang'anya mali kwenye vizuizi vya barabara kwa Kiswahili, ndiyo, na Amin alikitangaza lugha ya taifa 1973, jambo ambalo halikukisaidia. Katiba ya Uganda ilikikubali kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mkataba wa 1900 niliousema hapo juu uliandikwa kwa Kiingereza, na sijapata barua hata moja kutoka Masaka inayokiita Kiingereza lugha ya wezi.

Pilato aliponawa mikono, alitakasika? (Kijana, Mbale)

Mwaka 36 aliondolewa kazini, Wasamaria walipomshtaki kwa mauaji mengine. Kanisa la Ethiopia humkumbuka kama mtakatifu. Waulize wao.