Dar hadi Tunduma: maneno machache kwa dereva na utingo anayeanza

Leseni unayo, tajiri amekukabidhi gari, na safari yako ya kwanza ni Tunduma. Hongera. Kabla hujapakia, kaa kidogo nikueleze jambo ambalo chuo cha udereva hakikukufundisha: barabara hii haiendeshwi kwa kilomita, inaendeshwa kwa vituo. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ni zaidi ya kilomita 900, na dereva mgeni huzigawa kwa saa. Anapiga hesabu akitoka alfajiri atakuwa Iringa saa ngapi. Mzoefu anajua Chalinze atakagua nini, Ruaha Mbuyuni atapumzika muda gani, na gari likianza kumpa dalili mbaya anajua kama mji ulio mbele una fundi wa breki au una mama lishe tu.

Ujue pia unapita njia ya nani. Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, Zambia ilibanwa upande wa kusini, mafuta yake yakaanza kupita kwetu juu ya malori, kwenye udongo na tope. Madereva wa enzi zile waliifananisha njia hii na jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikuja 1968, lami ikaenea mwanzoni mwa miaka ya 1970, reli ya TAZARA ikafuata. Mpaka leo mzigo mwingi unaopita hapa ni wa Zambia na Kongo. Malori hayalali. Na tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, zile saa za giza ambazo wazee wetu walikuwa na barabara peke yao hazipo tena.

Nianze na mizani ya kupima uzito wa malori, kwa sababu ndiyo inayowaliza wageni mapema. Vigwaza utaikuta hata hujaizoea sauti ya injini, halafu Mikese, Wenda, Makambako, na Mpemba kabla ya Tunduma. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Afrika Mashariki ya 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, lakini anayeishia kwenye namba hiyo hajaielewa mizani. Kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Ekseli tatu za tela zilizokaa pamoja mwisho wake ni tani 24. Unaweza kuwa chini ya 56 na bado ukashushwa pembeni kwa sababu mzigo umeegemea mbele au nyuma. Wahandisi wanakadiria kwamba ekseli ikibebeshwa uzito mara mbili, lami inaumia kama mara 16, kwa hiyo usidhani yule wa mizani anakuonea. Simama mwenyewe bandarini au godauni wakati wa kupakia. Karani wa kupakia hataenda nawe Vigwaza. Na kumbuka tangi la dizeli nalo lina uzito. Ukilijaza hadi shingoni wakati ekseli ya kati iko ukingoni, umejitafutia maneno.

Baada ya hapo, vibao vya 50. Gari kubwa hairuhusiwi kuzidi 80 barabarani, na kwenye makazi ni 50 kuanzia kibao kilipo hadi kibao cha kumaliza. Mlandizi, Mdaula, Mikese, Doma, kila mji mdogo una vibao vyake, na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo anajua kabisa ni wapi mguu wa dereva huwa unachoka kukaa juu ya breki. Mgeni hulalamika kwamba miji hii inamchelewesha. Simama siku moja ukaangalie watoto wa shule wakivuka saa saba mchana mahali pasipo na tuta, halafu urudi unieleze habari za kuchelewa.

Msamvu, Morogoro, nataka utulie kidogo, hasa kama unavuta tenki. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, zaidi ya watu 100 wakafa. Gari la mafuta likianguka mbele yako, kazi yako ni kuzima injini, kurudisha utingo ndani, kuzuia wanaokuja nyuma yako na kupiga kelele watu waondoke. Watakutukana. Wengine watakuja na ndoo wakikuuliza kama mafuta ni ya baba yako. Endelea kupiga kelele.

Mikumi sina mengi. Kilomita kama 50 zinakatisha hifadhini, mwendo una kikomo, ukigonga mnyama kuna faini na kila mnyama ana bei yake. Usiwatupie nyani maganda ya ndizi, wakizoea chakula wanahamia barabarani. Ukiweza, pita mchana: nyati usiku ni mweusi kama lami yenyewe, hutamwona mpaka umemfikia.

Sasa mlima Kitonga. Hapa ndipo nitakapokaa.

Ukivuka daraja la Ruaha Mkuu unaingia Ruaha Mbuyuni: joto, mibuyu, na vitunguu vimepangwa pande zote za barabara. Dereva mgeni hununua vitunguu akaondoka. Wewe simama kwa ajili ya gari. Angalia maji ya injini ikishapoa, maana ukifungua kifuniko cha rejeta ya moto utaondoka na uso wenye makovu. Vuta vali za matenki ya upepo utoe maji yaliyojikusanya humo. Piga matairi, yote, hata yale ya ndani ambayo watu huyasahau. Mwambie utingo atoe kabari za kuzuia matairi aziweke miguuni kwake ndani ya kabini. Zikiwa nyuma ya tela chini ya turubai hazitakusaidia chochote. Kula, lakini usishibe ukasinzia.

Kisha panda. Ingia mlimani na gia ambayo unajua utamaliza nayo. Kubadilisha gia katikati ya kona, mzigo umekuvuta nyuma, ndiyo namna malori mengi yanavyosimama Kitonga, na likisimama moja foleni inashuka hadi bondeni. Acha nafasi kubwa na lori lililo mbele. Likianza kutoa moshi mzito na kutetemeka, usilisogelee kwa huruma, linaweza kurudi nyuma. Usilipite kwenye kona hata likienda mwendo wa mtu anayetembea. Nimewaona wenye haraka wakitoka nje ya mstari pale, na anayeshuka hana pa kwenda: upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo.

Gari lako lenyewe likikwama, utingo ndiye mwenye gari kwa dakika hizo. Anashuka upande wa mlima, anaweka kabari akiwa ubavuni mwa tairi, hasimami nyuma yake hata siku moja. Kabari ya kwanza kwenye tairi la tela, ya pili kwenye kichwa. Halafu anatembea kushuka, mbali, akaweke pembetatu kabla ya kona. Pembetatu iliyo baada ya kona haimwambii mtu kitu. Kama pembetatu haitoshi, vunja matawi uyatandaze kwa umbali tofauti. Kila dereva wa njia hii akiona majani juu ya lami anajua kuna aliyekwama mbele. Ila mkishatengeneza, yaondoe. Majani yaliyoachwa bila gari yanawafundisha watu kuyapuuza.

Na hapa niseme kuhusu taa. Aliye mbele yako akiwasha indiketa ya kushoto, anakwambia mbele kweupe, pita. Akiwasha ya kulia, anakwambia subiri, kuna anayekuja. Ni adabu ya barabarani, nami naipenda, lakini haimo kwenye sheria na kuna siku ile ya kulia ni mtu anakata kona kweli. Shukuru kwa honi, kisha tumia macho yako.

Ilula nyanya, Ipogolo mafundi na chakula. Iringa mjini kuko juu ya kilima, huna haja ya kupanda huko na tela. Kwenye gesti za hapa katikati utafuatwa na vijana wanaouliza kwa sauti ya chini kama "una kitu kwenye tangi". Wanataka dizeli ya tajiri wako kwa bei ya kutupa. Jibu ni hapana, na ulitoe mara ya kwanza tu wanapouliza, kwa sababu ukishauza lita 20 mji mzima unakujua, na safari ijayo hawatauliza, watanyonya ukiwa umelala.

Mafinga kuna mahali panaitwa Changarawe. Machi 2015 kontena liliangukia basi pale na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Kwa hiyo loki za kontena, zote nne, uzifunge mwenyewe na uzikague kila unaposimama. Usiambiwe "zimefungwa". Shika kwa mkono. Kuanzia hapo hadi Makambako kuna baridi na ukungu wa asubuhi unaoficha hata tela lako mwenyewe. Mgeni aliyetoka Dar na fulana moja atanikumbuka. Makambako ni njia panda ya Njombe na Songea, reli nayo inapita hapo, spea zinapatikana. Kama una shaka na kitu chochote, tengeneza Makambako. Ukishuka Igawa na kuingia Usangu, Chimala na Igurusi utapata mchele mzuri, lakini spea ya gari kubwa utaisubiri.

Baada ya Igurusi unapanda Inyala hadi Uyole. Halafu, ukishavuka Mbeya mjini, unakuja mteremko wa Iwambi kushuka Mbalizi, ambao umeua watu wengi. Gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, breki ya injini ifanye kazi, breki ya mguu uiguse na kuiachia. Anayeweka nyutro ili aokoe dizeli simpi gari langu hata kulisogeza kwenye yadi. Ukisikia harufu ya lainingi za breki kuungua, usijiambie ni ya lori la mbele.

Tunduma foleni inaweza kuanza mbali na mji. Andaa karatasi kabla hujaifikia: pasi, kadi ya homa ya manjano, bima ya COMESA, nyaraka za mzigo, zote kwenye bahasha moja ambayo haikai na chakula. Kituo ni cha pamoja, ukitoka kwetu unahudumiwa Nakonde, upande wa Zambia. Saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, usije ukagombana na mtu kwa sababu ya saa ya mkononi. Ukilala kwenye foleni, utingo na dereva wapokezane. Pesa badilisha kwa wanaoruhusiwa. Wale wa kando ya barabara wana vidole vyepesi sana kwenye kuhesabu.

Kurudi ndiko wageni wanakojisahau. Shaba unayorudi nayo ni nzito na inachukua nafasi ndogo, tela linaonekana kama halina kitu, na dereva anaanza kujisikia mwepesi. Sasa milima imegeuka: Inyala uliyoipanda unaishuka, na Kitonga vilevile, ukiwa na uzito wote mgongoni. Simama Ilula. Pita tairi moja baada ya jingine, sogeza kiganja karibu na kila hubu, kile kitovu cha gurudumu, bila kuligusa. Lenye moto kuliko mengine, breki yake inabana. Lenye ubaridi wakati wenzake wana joto ni baya zaidi, maana breki yake haifanyi kazi kabisa na wenzake wanabeba zamu yake. Mwite fundi hapohapo Ilula, lala kama italazimu kulala, na umpigie tajiri simu umwambie utachelewa.