Stelingi akifa, muvi inaisha?

Tulipokuwa watoto kanuni ilikuwa moja: stelingi hafi. Atapigwa risasi tatu, ataanguka kutoka ghorofani, atazamishwa mtoni, lakini mwishoni utamwona anainuka, shati limechanika, adui anatetemeka. Kanuni hiyo ilivunjika tarehe 28 Agosti 2020, Chadwick Boseman, aliyecheza mfalme T'Challa kwenye Black Panther ya Marvel, alipofariki akiwa na miaka 43. Saratani ya utumbo mpana, aliyogundulika nayo 2016, aliificha kiasi kwamba wengi waliofanya naye kazi walipata habari pamoja na sisi wa mitandaoni.

Tangu Denzel Washington aropoke, Novemba 2024, kwamba Ryan Coogler, mwongozaji wa Black Panther, anamwandikia nafasi kwenye ya tatu, mmenijazia kapu la maswali. Nimechambua. Yote yaliyoanza na "nasikia eti" nimeyaweka pembeni.

Shikamoo kaka. Mimi naona mfalme akishafariki, muvi izikwe naye. Hawa si wanatafuta hela tu? (Msomaji, Tabora)

Marahaba. Hela wanatafuta, kwani ulidhani Disney, wenye Marvel, ni jumuiya ya kidini? Ile ya kwanza, ya 2018, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Hakuna mwenye duka atakayefunga duka la namna hiyo kwa sababu muuzaji wake mzuri amefariki. Atalia, atazika, Jumatatu atafungua.

Kosa lako ni kudhani muvi ni mali ya stelingi. Kipimo changu mnakijua, na wengine mmeshanitukana kwa kukirudia: mtoe stelingi, halafu hesabu nani amebaki amesimama. Ukimtoa T'Challa pale Wakanda, ile nchi ya kubuni anayoitawala, wanabaki mama yake, dada yake, Okoye na jeshi lake la wanawake, Nakia, M'Baku na watu wake wa milimani. Imebaki nchi nzima yenye ugomvi wake wa ndani. Hiyo inaweza kuendelea. Kuna muvi nyingine ukimtoa stelingi kinachobaki ni pikipiki na moto. Hizo zizikwe naye, hata sanda nitachangia.

Halafu tazama namna walivyofanya. Coogler alikuwa ameshaandika hadithi ya T'Challa na mwanawe. Ikabidi aiweke chini, na amesema mwenyewe kwamba alikaribia kuacha kazi ya filamu kabisa. Alichokuja nacho mwaka 2022, Wakanda Forever, hakikujaribu kutudanganya. Kinaanza na Shuri, dada yake T'Challa, yuko maabara, mikono inakwenda mbio, anahangaika kutengeneza upya ule mmea unaompa mfalme nguvu ili amwokoe kaka yake, mama anaingia kumwambia kwamba kaka hayupo tena. Kitandani hatupelekwi. Tunapelekwa msibani: watu wamevaa nyeupe, ngoma zinapigwa, jeneza linanyanyuliwa kuelekea angani. Niliona wanaume wazima wakijifanya wanatafuta simu mifukoni.

Iliingiza kama dola milioni 859, chini ya ile ya kwanza. Ruth E. Carter alichukua Oscar ya mavazi kwa mara ya pili, Angela Bassett aliteuliwa na kunyimwa, na hilo bado linaniuma. Kasoro zipo: dakika 161 ni nyingi, na kipande kizima cha yule binti Riri Williams ni tangazo la tamthilia nyingine. Lakini kama kuendelea ni dhambi, waliifanya kwa adabu.

Hulk alibadilishwa mwigizaji, Rhodes alibadilishwa, hakuna aliyekufa kwa hilo. Kwa nini T'Challa asipewe mtu mwingine? Mhusika ana kosa gani? (Msomaji, Mombasa)

Hili ndilo swali lililonikosesha usingizi kidogo. Kweli, kwenye Hulk Edward Norton aliondoka akaja Mark Ruffalo, kwenye Rhodes Terrence Howard akaondoka akaja Don Cheadle, tukazoea. Na kabla hujaniambia kwamba hao walikuwa hai, nakumbuka Jenerali Ross: William Hurt alifariki 2022, na 2025 nafasi yake ikakaliwa na Harrison Ford. Kwa hiyo Marvel hubadilisha hata waliofariki wakitaka.

Ila Ross ni jirani, T'Challa alikuwa baba mwenye nyumba. Desemba 2020 Kevin Feige, bosi wa Marvel, alitangaza kwamba hawatamtafutia mtu mwingine. Mashabiki wakaanzisha kampeni ya kudai abadilishwe, wakisema watoto weusi walisubiri mno shujaa huyu kuweza kumpoteza baada ya filamu moja ya kwake. Nilikuwa upande wa Feige wakati ule. Fikiria kijana yeyote anaingia ulingoni mwaka 2022 na lile vazi, dunia nzima inamkagua anavyopishanisha mikono kifuani kwa saluti ya Wakanda. Ungekuwa ukatili kwake.

Sasa imepita miaka, na naungama nimeanza kuegemea kwako. Jukumu ni kama kiti cha uchifu: aliyekikalia anaheshimiwa, lakini kiti hakichomwi. Tena hadithi za kisayansi zina mlango ambao michezo mingine haina. The Matrix walikumbwa na jambo hilo hilo. Gloria Foster, yule bibi mtabiri wa jikoni, alifariki Septemba 2001 akiwa ameshapigwa picha za filamu ya pili lakini si za tatu. Wakamleta Mary Alice, na ndani ya hadithi yenyewe wakasema bibi amenyang'anywa ganda lake la zamani na kupewa jipya. Sentensi chache tu, tukasonga mbele. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Agosti 2001, Aaliyah aliyekuwa amepangwa kucheza Zee alikufa kwa ajali ya ndege, nafasi ikaenda kwa Nona Gaye. Mfululizo uliopigwa na misiba miwili namna hiyo, na leo ukiwauliza watu kilichoharibu filamu ya tatu hakuna atakayetaja hata mmoja wao. Watakutajia hotuba ndefu.

Kwa nini T'Challa hawakumwachia hata mtoto wa kurithi? (Wasomaji kumi na zaidi, mikoa yote)

ANAYE. Yumo humo humo kwenye Wakanda Forever. Anaitwa Toussaint, amelelewa Haiti na mama yake Nakia, ambaye ni Lupita Nyong'o wetu, na jina lake la Kiwakanda ni la baba yake. Hamkumwona kwa sababu mliondoka majina yalipoanza kupanda.

Sitawalaumu wote. Mimi nilirudia kuitazama kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye benchi, jasho la jirani ni lako. Shuri amekaa ufukweni Haiti, anachoma nguo yake ya msibani, anaanza kumkumbuka kaka, hakuna anayeongea. Moto ule haujazimika, mwenye kibanda akabonyeza rimoti. Mechi ilikuwa inaanza, na waliolipia mechi wamesimama mlangoni. Kibanda kizima kikatoka kinalalamika kwamba muvi haina mwisho. Nilipowaambia kuna mtoto, jamaa mmoja akaniambia nimeota.

Kwa hiyo kabla ya kuandika swali, fungua muvi, peleka mbele hadi majina yaanze kupanda, endelea kutazama. Na wale mnaojaziwa kwenye flashi kopi iliyokatwa ili itoshe, hiyo si muvi, ni nusu mkate.

Siku hizi kompyuta inamrudisha mtu vilevile. Si wamtengeneze Boseman, familia ilipwe, kesi iishe? (Msomaji, Mwanza)

Hapana. Na kaa chini, hili ni refu.

Peter Cushing alifariki 1994. Mwaka 2016 tukamwona kwenye Rogue One, ya Star Wars, akitoa amri, sura yake imebandikwa juu ya mwigizaji mwingine, Guy Henry. Mara ya kwanza unashtuka kwa ustadi. Mara ya pili unaangalia mdomo. Unatembea, lakini mashavu hayajui kwamba mdomo unatembea. Macho nayo yanang'aa bila kumtazama mtu. Ian Holm alifariki 2020, na 2024 Alien: Romulus wakamtoa tena, kwa ruhusa ya familia, kama kichwa na kiwiliwili cha roboti kilichokatika. Angalau pale alikuwa roboti. Hata hivyo watu walilalamika, na toleo la nyumbani likafanyiwa marekebisho.

Unasema familia ilipwe. Familia inaweza kuruhusu picha, haiwezi kuruhusu uamuzi. Boseman akicheza, kila pumziko ni uamuzi wake: wapi ashushe sauti, wapi atabasamu nusu. Kompyuta haiamui, inakisia kutokana na aliyoyafanya jana. Na ukimzoesha bosi wa studio kwamba mwigizaji aliyekufa hachoki, hagomi, wala hadai nyongeza, atakachofuata ni kutaka walio hai wawe hivyo hivyo. Waigizaji wa Marekani waligoma siku 118 mwaka 2023, na nakala za kompyuta zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatoa barabarani.

Wapo waliojipanga mapema. Robin Williams aliacha maandishi kwamba sura yake isitumike kwa miaka 25 baada ya kifo chake, yaani hadi 2039. James Earl Jones, sauti ya Darth Vader, yule adui wa Star Wars, alikubali akiwa hai sauti yake iendelee kutengenezwa kwa kompyuta. Hao sina neno nao, wamesema wenyewe kwa midomo yao. Boseman hakuacha neno hilo hadharani, basi tumwache alale.

Tena hili halikuanza na kompyuta. Mwaka 1989 Crispin Glover hakuelewana na watengenezaji wa Back to the Future, hakurudi kwenye ya pili. Wakachukua mwigizaji mwingine, wakambandika sura ya bandia iliyotokana na umbo la uso wa Glover, wakamning'iniza kichwa chini ili tusimkague. Glover alikuwa hai, anakula na kunywa. Akaenda mahakamani, wakamalizana kwa malipo.

Na Carrie Fisher je? Yeye si alitumika baada ya kufa? (Msomaji, Dodoma)

Alitumika, Leia wetu wa Star Wars, ila kwa picha alizopigwa mwenyewe. Alifariki 27 Desemba 2016 akiwa ameshamaliza The Last Jedi. Lucasfilm wakaahidi hawatamtengeneza kwa kompyuta, kisha J.J. Abrams akachukua mabaki ya picha za The Force Awakens ya 2015 akayajengea matukio kwenye filamu ya 2019. Nia njema. Lakini tazama anavyoongea na Rey, yule binti shujaa: Leia anajibu kwa maneno mafupi yasiyomgusa yeyote, na Rey anazungukazunguka ili swali lake liangukie kwenye jibu lililotamkwa miaka mingi kabla, kwa jambo jingine kabisa. Ni kama kupiga soga na ujumbe wa sauti wa marehemu. Ningemzika mwanzoni mwa filamu, kama Wakanda walivyofanya. Mahali palipokuwa na utu ni pale alipohitajika Leia kijana kwa muda mfupi: mwili aliusimamia Billie Lourd, mwanawe wa kumzaa.

Paul Walker alikufa kweli? (Wengi mno)

Ndiyo, 30 Novemba 2013. Silijibu tena. Na Fast & Furious si hadithi ya kisayansi, ingawa lile gari walilolipeleka angani 2021 linanitia mashaka.

Stelingi akiwa hai lakini amegoma kurudi, je? (Msomaji, Nairobi)

Huyo ndiye hatari zaidi, kwa sababu hakuna msiba wa kutufanya tuwe wapole. Will Smith hakurudi Independence Day ya 2016. Mhusika wake wakamuua kwa maelezo, eti alianguka akijaribu ndege, wakatundika picha yake ukutani. Ya 1996 iliingiza dola milioni 817, hiyo ya pili haikufika 400. Kosa lile lile likarudiwa kwa Men in Black mwaka 2019, suti zipo, miwani ipo, mzaha umebaki nyumbani kwa Will.

Ila mnapotaka kunishinda nitajieni A Quiet Place: Day One ya 2024. Hawakumweka mtu kwenye kiti cha Emily Blunt, stelingi wa zile za mwanzo. Walihamia mji mwingine, siku nyingine, kwa mwanamke mgonjwa wa saratani anayetaka kula piza kabla ya kufa, na paka wake. Lupita tena. Filamu nzima karibu haongei, na hukosi neno hata moja.

Star Trek mbona wamenyamaza? (Msomaji, Bujumbura)

Anton Yelchin, Chekov wao, alifariki Juni 2016 akiwa na miaka 27, gari lake mwenyewe lilimbana getini kwake. Star Trek Beyond ikatoka mwezi uliofuata. Abrams alisema nafasi hiyo haitapewa mtu, na filamu ya nne ya kundi lile haijaonekana. Sidhani ni kwa sababu ya Chekov, nadhani ni hesabu za fedha.

Doctor Who wanawezaje kubadilisha kila mara? (Msomaji, Kigali)

Kwa sababu William Hartnell aliugua, na 1966 wakabuni kwamba Daktari akichoka mwili unajigeuza. Uhaba ulizaa sheria. Na ninyi wa Kigali mna sababu ya kutembea kifua mbele: Ncuti Gatwa, aliyeachia nafasi hiyo 2025, amezaliwa kwenu.

Hapa kwetu je, kaka? Mbona Kanumba alipoondoka ilikuwa kama taa imezimwa? (Msomaji, Sinza)

Kwa sababu tulikuwa tunauza sura kwenye kasha la DVD. Wakati ule wa msiba wake, Aprili 2012, nilisimama Leaders Club katika ule umati, na hakuna hata mtu mmoja niliyemsikia akimlilia mhusika fulani aliyewahi kumcheza. Walimlilia Kanumba. Waandishi wa Bongo Movie, tengenezeni watu wenye majina ndani ya hadithi, watu wanaoweza kuishi kumzidi aliyewacheza. Najua mtanijibu kwamba hamlipwi. Najua.

Nataka kumwonyesha mwanangu wa miaka minane. Nianze na ipi? (Mama, Arusha)

Ile ya 2018, dada yangu, bila mjadala. Wakanda Forever ngoja kidogo, na siku mtakayoianza kaa naye, maana atakuuliza kama yule mfalme amekufa kwenye muvi tu au kweli kweli. Na mazishi yakiisha, nembo ya Marvel itapita imejaa picha za Boseman, bila muziki. Msiguse rimoti, spika yenu haijaharibika.