Kabla ya Mvua ya Machi, Nendeni Gombolola

Sisi tunaolima kahawa na ndizi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Sironko, mashariki mwa Uganda, tunajua mvua ya usiku mmoja inaacha nini shambani. Mizizi ya kahawa inabaki nje, na mto bondeni unageuka rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ni samadi yetu inayokwenda zake.

Ushauri wangu ni huu: Januari au Februari, ardhi ikiwa bado kavu, nenda gombolola, yaani ofisi ya kaunti ndogo, ukamwone bwana shamba kuhusu mitaro ya kuzuia udongo, na usiende peke yako. Nenda na jirani wa juu yako na jirani wa chini yako. Maji hayajui mpaka wa shamba. Ukichimba mtaro kwako tu, ukijaa yanafumukia mwishoni, na mwisho wa mtaro wako ndio mwanzo wa korongo la mwenzio. Kesi za namna hiyo kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, haziishi, na nyingi zingekwepeka kama watu wangepima pamoja.

Ushauri wa bwana shamba ni huduma ya serikali, haulipiwi. Lakini eneo lake ni kubwa, na kufika kwa kila mtu mmoja mmoja hawezi. Mkienda watu kadhaa wa mteremko mmoja, ni rahisi kwake kupanga siku, na siku hiyo hiyo mnajifunza wote. Mwombeni atembee nanyi mteremko mzima, kutoka juu mpaka mtoni. Asiishie nyumbani kwa mtu mmoja.

Mwombeni pia awafundishe fremu ya A, kifaa cha kupimia usawa wa ardhi. Ni miti miwili ya urefu sawa, kama mita mbili, iliyofungwa pamoja juu, mwingine wa kukatiza katikati, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kutoka juu. Isimamishe, tia alama kamba inapogusa mti wa katikati. Badilisha miguu, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Baada ya hapo unaitembeza shambani ukichomeka vigingi, na mstari wa kontua, yaani mstari ulio usawa mmoja kukatiza mteremko, unajitokeza wenyewe. Mara nyingi haufanani kabisa na ule ambao macho yangekuchorea.

Mtaro ukichimbwa kufuata mstari huo, udongo ukatupwa upande wa juu, hiyo ndiyo fanya juu. Juu ya tuta panda majani ya nepia au miti ya kaliandra: zinashika udongo, na ng'ombe anakula.

Sasa sikilizeni hili kwa makini. Si kila mteremko unafaa mtaro wa kushika maji. Maji yaliyoshikwa yanazama ardhini, na penye mteremko mkali au nyufa yanaongeza uzito na kulegeza udongo. Nametsi, kule wilayani Bududa kwenye mlima huu huu, Machi 2010, mlima ulishuka ukafukia watu kwa mamia. Kwa hiyo ukiona ufa shambani, mwonyeshe afisa kabla hujagusa jembe. Akisema hapo maji yaelekezwe pembeni na ipandwe miti yenye mizizi mirefu, kubali, hata kama unapoteza mistari ya kahawa. Watoto wanalala chini ya mteremko huo.

Shamba likigusa mto, mwone pia afisa mazingira wa wilaya. Kanuni za taifa za mwaka 2000 za kutunza kingo za mito zinataka mita 100 za ukingo zihifadhiwe kwenye mito iliyoorodheshwa, kama Manafwa na Sironko, na mita 30 kwenye mito mingine. Najua kwa mwenye kishamba kidogo hizo ni nyingi mno. Ndiyo maana umuulize mapema kinachoruhusiwa pale, kabla hujatia mbegu na gharama.

Na mvua zikipita, zoeni matope yaliyojaa mitaroni myarudishe kwenye mashina ya kahawa. Mtaro uliojaa haushiki kitu, na mvua za Agosti haziko mbali.