Supamaketi wanataka mzigo kwa malipo ya siku 60: nikope au niache?

Mkuu mleta uzi, nimesoma swali lako na nimesoma majibu ya wadau hapo juu wanaokwambia usilaze damu, fursa ndo hiyo, kopa upeleke mzigo. Mi naomba nitofautiane nao kidogo. Kwa waliochelewa: jamaa anatengeneza siagi ya karanga Morogoro, supamaketi moja ya Dar imempa oda ya chupa 1,000 kila mwezi, malipo siku 60, na yeye ana hela ya mzigo mmoja tu, anauliza akope wapi milioni nne.

Kabla sijaanza kupaki viungo na mke wangu nilikaa miaka kadhaa ofisi ya uhasibu ya supamaketi (jina tuliache), na kazi yangu ilikuwa ni kuandaa listi ya nani alipwe wiki hii. Kwa hiyo haya sijayasikia semina, nilikuwa nimekaa upande ule wa meza.

Iko hivi. Ijumaa bosi anakwambia wiki hii kuna kiasi fulani cha kulipa masaplaya, na madeni yaliyofika muda ni mara tatu au nne ya hicho kiasi. Unaanza na nani? Unaanza na sukari, mafuta ya kula, soda, maziwa, yaani wale ambao wakifunga bomba leo kesho shelfu liko wazi na mteja anaenda kwa jirani. Hao hawabembelezi, gari lao haliji tu basi na hela inapatikana. Halafu kodi ya jengo, umeme, mishahara. Wakishaisha hao ndo unakuja kwa mwenye asali, mwenye achari, mwenye siagi ya karanga kama wewe. Hakuna mtu anayekuchukia pale, ila siagi yako ikikosekana wiki mbili hakuna mteja atakayegeuza gari kurudi nyumbani, na kila mtu mle ndani anajua hilo. Ndo maana nacheka nikisikia mtu anasema "ila wana hela hawa". Hela wanayo, foleni ndo ndefu na wewe uko mkiani.

Sasa hizo siku 60. Wengi wanahesabu kuanzia siku waliyoshusha mzigo. Uliza vizuri, maana sehemu nyingi zinaanza kuhesabiwa mwisho wa mwezi wa invoisi, yaani ukipeleka tarehe 3 saa yako inaanza kugonga tarehe 30 au 31, halafu ukifika muda unasubiri tena siku yao ya kulipa. Mzigo wa tarehe 3 Machi unaweza kulipwa mwanzoni mwa Juni na hakuna aliyevunja mkataba hata kidogo. Ongeza wiki mbili ulizokaa na karanga kabla hujasaga na kupaki, unaiona miezi mitatu na nusu tangu hela itoke mfukoni mpaka irudi.

Tupige hesabu na namba zako mwenyewe. Umesema chupa inakugharimu 3,600 mpaka inafika mlangoni kwao na wanachukua kwa 4,800, unafurahia 1,200 ya faida, mara elfu moja ni milioni 1.2 kwa mwezi. Safi. Ila kila mwezi unatoa milioni 3.6, na ya kwanza hairudi mpaka mwezi wa tatu na nusu, kwa hiyo una milioni 12.6 zimelala kwenye mashelfu ya watu na kwenye mafaili ya mhasibu wao. We hapo unatafuta milioni nne. Hiyo milioni nne itakubeba mzigo wa pili, wa tatu unakwama, na ukikwama unashindwa kujaza oda, na ukishindwa kujaza oda mara mbili jina lako linatolewa kwenye mfumo na lile deni la mwanzo unaanza kulifuatilia ukiwa huna tena cha kuwanyima. Na hata ungezipata hizo 12.6 zote, ni zaidi ya miezi kumi ya faida nzima nzima hujala hata shilingi ndo unairudisha.

Halafu ile 1,200 yenyewe haifiki salama. Mkopo wa taasisi ndogo za fedha, hizi za daraja la pili zinazokopesha bila kupokea amana, Benki Kuu (BoT) imeweka ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi (wanaokuzidishia kwa jina la ada ya fomu na ada ya usumbufu unawajua, ndo hao tunawaita kausha damu). Tuchukue hiyo hiyo ya kisheria: 3.6m kwa miezi mitatu na nusu ni kama 441,000, yaani 441 kila chupa. Wanataka punguzo la mwisho wa mwezi asilimia 5, hiyo ni 240. Chupa zinazorudishwa kwa sababu zimepasuka au tarehe imekaribia, weka 5 kwenye kila 100, hiyo 240 nyingine. Umebakiwa na 279. Hapo sijaweka binti wa promosheni ambaye wanataka umlipe wewe, wala mafuta ya gari Morogoro Dar.

Na kitu ambacho sijaona mdau yeyote kagusa ni msimu. Karanga za Dodoma zinatoka shambani kuanzia mwezi wa nne wa tano huko mpaka wa sita, na hapo ndo bei iko chini na ndo mwenye kiwanda anatakiwa awe na keshi mkononi, anunue za miezi sita au nane, azikaushe vizuri, aziweke kwenye mifuko ile ya kuzuia hewa. Ukinunua Desemba unanunua kwa bei ya mchuuzi aliyekaa nazo stoo yeye, na hujui alizihifadhije. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, si stori, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye hiyo kitu na karanga nazo ni hivyo hivyo zikipata unyevu. Sasa jiulize mwezi wa tano ukifika hela yako iko wapi. Iko kwa mhasibu. Mwenzako anayeuza kwa keshi yuko Kibaigwa au Kongwa anachagua gunia kwa gunia, wewe uko kwenye benchi la mapokezi na bahasha. Kwa hiyo lile deni linakula riba na bado linakupandishia gharama ya mzigo unaofuata, na hii haionekani kwenye invoisi yoyote.

Linganisha na minimaketi na maduka ya mitaani. Hao watakubana bei, tuseme 4,500, na wanachukua dazeni moja mbili tu kwa mara moja, wengine watataka mali kauli, yaani wachukue mzigo walipe baadae, ya wiki mbili. Lakini milioni 3.6 yako inazunguka kila mwezi na kukuletea laki tisa. Supamaketi inataka milioni 12.6 ikuletee milioni 1.2 ya kwenye karatasi. Usambazaji wa mitaani unachosha sana sikatai, bodaboda, kukimbizana na watu elfu hamsini hamsini, muuza duka anakwambia mwenye duka hayupo njoo Jumatatu. Sisi tulianzia huko na mpaka leo sehemu kubwa ya mauzo yetu iko huko. Supamaketi tumeingia baadae, na tuna sheria ya ndani kwamba mnunuzi mmoja wa mkopo hazidi theluthi ya mauzo. Mke wangu ndo askari wa hiyo sheria, mi nina moyo mwepesi nikiona oda kubwa.

Sasa sikwambii uwakatalie. Kuonekana pale kuna faida yake, sisi mteja wetu mzuri wa hoteli alitupata kwa kuona chupa kwenye shelfu akapiga namba ya kwenye lebo. Ila ingia kwa kipimo chako. Waambie unaanza na matawi mawili, chupa 150 au 200 kwa mwezi. Meneja manunuzi atakunja sura, atakwambia kampuni inataka matawi yote, na mara nyingi anakubali maana kwake we ni kitu kidogo tu. Omba malipo siku 30 tangu tarehe ya kupokea mzigo, iandikwe "tarehe ya kupokea", na uwape bei mbili kabisa, ya siku 14 na ya siku 60, wachague. Marejesho yawe na kikomo, na kilichopasukia mikononi mwao kisirudi kwako.

Karatasi ndo zinaua watu wengi kuliko ubaya wa roho. Nilikuwa naweka pembeni invoisi kibao kwa sababu ndogo ndogo: namba ya LPO (karatasi yao ya oda) haipo, bei ya kwenye invoisi haifanani na ya kwenye LPO kwa shilingi hamsini, hati ya kupokelea mzigo haina muhuri wa stoo, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) haijaambatanishwa. Na hakuna anayekupigia kukwambia. Invoisi inakaa tu, we unajua unasubiri siku 60 kumbe hata kuingizwa kwenye mfumo haijaingizwa. Usiondoke stoo bila namba ya mapokezi, piga picha kila kitu, na kila mwisho wa mwezi tuma stetimenti, yaani orodha ya invoisi unazodai, kwa mhasibu, si kwa meneja manunuzi, yule akishaweka oda kazi yake imeisha. Na fika mwenyewe. Masaplaya wadogo waliokuwa wakilipwa na mimi mapema walikuwa ni wale ambao mafaili yao hayana kasoro na nyuso zao nazijua.

Deni likipita muda simamisha mzigo. Kimya kimya, bila matusi, sema uzalishaji umesimama mpaka malipo yatoke. Watu wanaogopa kupoteza mteja, ila saplaya anayeendelea kushusha mzigo juu ya deni bovu anakopesha mara ya pili.

Na macho yako yawe dukani, si kwenye maneno yao. Ukiona shelfu linapangwa bidhaa moja ile ile mstari mzima ili pasionekane pengo, wafanyakazi wananung'unika mshahara, oda zako zinaongezeka wakati malipo yanapungua, hapo ondoka na ulichonacho. Uchumi, supamaketi ya Kenya, walifunga matawi ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015, masaplaya wakabaki na invoisi. Nakumatt, nao Wakenya, mashelfu yalianza kuwa matupu 2017, Januari 2018 wakawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wenyewe wakapiga kura kampuni ifilisiwe. Saplaya asiye na dhamana kwenye ufilisi anakaa nyuma ya benki, na benki ikishamaliza kula hakuna makombo. Wakenya walau wana pa kushitaki, sheria yao ya ushindani ilirekebishwa 2019 na kuchelewesha malipo bila sababu kunahesabika matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi, na Desemba 2023 mamlaka yao ya ushindani iliwapiga supamaketi ya Carrefour faini ya zaidi ya bilioni 1.1 za Kenya kwa mambo ya masaplaya wawili. Huku kwetu we tegemea mkataba wako na miguu yako.

Kuhusu mkopo sasa. Kwa mzigo wa chupa 200 huhitaji milioni nne. Kama mko watu watano vijana au akina mama, nendeni halmashauri kwenye ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), haina riba, ina mizunguko mingi lakini haina riba. Hiyo itumie kununua karanga mwezi wa tano. Usiitumie kumkopesha mwenye supamaketi.

Kuna mdau ameuliza VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kwa mauzo yako hujafika, kikomo sasa ni milioni 200 kwa mwaka. Ila ukifika ujue asilimia 18 unaipeleka TRA tarehe 20 ya mwezi unaofuata kwa invoisi uliyotoa, ulipwe usilipwe. Nimeona watu wanakopa ili walipe kodi ya hela ambayo hawajaishika.

Na lile swali lako la mwisho la msimbo wa mistari (barcode) na alama ya TBS, shirika la viwango, anzia SIDO mkoa, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua ya utambulisho ndo uende TBS, usipitie kwa dalali. Msimbo uchukue GS1 Tanzania, wanaotoa hizo namba, wenyewe, namba zetu zinaanza na 620, wale wanaokuuzia wa bei chee WhatsApp wanakupa namba ya mtu mwingine, siku ukipitishwa kwenye mashine ya kaunta inasoma dawa ya mbu.